Kanyaga na Miguu ya Watu

Mkwe wangu hajawahi kukosea. Namweleza hapa kwa sababu watu wa namna hiyo hawazaliwi kila siku, na wakizaliwa, sijui kwa nini huja kuoa kwangu.

Siku ya kwanza alipokuja kumposa binti yangu alijitupa kwenye kiti kwa kishindo, kiti kikavunjika, akafika sakafuni na kikombe cha chai mkononi. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alikigeukia kiti, akakitazama kwa huruma, akasema, "Hiki kiti kilikuwa kinaumwa siku nyingi." Marehemu mume wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema kijana ana ucheshi. Mimi sikucheka. Kiti kile nilikuwa nimekikalia miaka na miaka, na wakati ule mwili wangu ulitosha watu watatu na mtoto wa mgongoni. Nilijua pale pale tunamkaribisha nani. Lakini siku ya posa nani humsikiliza mama?

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji. Aliwapa mafundi mabomba na koki, jioni akafunga mlango. Akitoa bomba nene palipotakiwa jembamba, kosa la bomba. Akisahau dirisha wazi, mvua ikalowesha mifuko ya saruji, kosa la mawingu, yamekuja upande usio wao. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huyu angelisingizia jua, halafu aite mwezi utoe ushahidi. Na kwa kuwa alikaa karibu na vyuma muda mrefu, alipostaafu alijiona kuwa ndiye aliyeviyeyusha. Akanunua gari.

Gari lenyewe ni kigari cha zamani, cha duara kama kobe, taa mbili mbele kama macho ya mtu aliyepewa habari mbaya. Siku alipolileta uani niliuliza mama yake yuko wapi, maana nilidhani hilo ni ndama. Ukikaa ndani magoti yako yanakunong'oneza masikioni. Mkwe hulifuta kila asubuhi kwa fulana yake ya zamani, huzungumza nalo kwa sauti ya chini, sauti ambayo binti yangu hajaisikia tangu aolewe.

Mimi naishi chumba cha nyuma, dirisha langu linatazama ua, kwa hiyo sikosi kitu. Na kuna jambo moja lazima mlijue kabla sijaendelea. Mkwe wangu ni mtu wa kelele. Sauti yake ikiamka, hata njiwa wa jirani hubadilisha mtaa. Lakini mbele yangu hathubutu. Hapo nampa haki yake: alilelewa akajua kwamba mama mkwe hapigiwi kelele. Akiwa anamfokea mke wake uani, mimi nikifungua mlango wangu tu, sauti yake inapungua kama redio inayoishiwa betri. "Wewe mwanamke, nimekuambia mara ngapi..." Mlango, kwiiii. "... kwamba leo hali ya hewa ni nzuri. Shikamoo, Mama." Basi mimi mlango wangu siutii mafuta bawaba zake. Naufungua hata pasipo na haja.

Sasa, mwaka huu breki za mbele za kile kigari zilianza kulia. Fundi gereji angezitengeneza siku hiyo hiyo. Mkwe akasema gari lake haliguswi na mikono ya watu. Akapiga jeki, akang'oa matairi mawili ya mbele, akayatoa yale mataya ya chuma yanayobana breki, moja la kulia, moja la kushoto. Mafundi huyaita kalipa. Akayatia yote mawili katika beseni langu la kufulia, humo kwa humo, akayasugua pamoja kama soksi. Akayavalisha mipira mipya, akayarudisha, akafunga, akasimama mbele ya gari mikono kiunoni. "Kazi ya mikono yangu," akasema. Neno hilo alikuja kulisahau, lakini mimi nina kumbukumbu nzuri.

Tangu siku ile pedali ya breki ikawa laini. Si laini kidogo. Paka wetu, mnyama anayechagua sana pa kulala, aliacha mto wangu akahamia kwenye ile pedali. Ukiikanyaga ilizama mpaka chini bila ubishi. Ukiikanyagakanyaga haraka haraka ilipanda, ikagumuka, ukaifurahia, ukageuka kumwambia mtu, ikazama tena. Mkwe alipolijaribu barabarani mara ya kwanza alikanyaga breki Jumatatu, gari likaja kusimama Jumatano. Alipokuwa akishuka kilima alimpita mtu anayekimbilia basi. Yule mtu akadhani ndilo basi lenyewe, akadaka mlango, akauliza nauli, na walipofika chini walikuwa wamekwishafahamiana wakajuliana hali mpaka za wajomba. Anayebisha aje nimwonyeshe mlango, alama za vidole bado zipo.

Dawa ya breki laini, hata mimi nimeishika kwa kuisikia dirishani, ni kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, anaishikilia chini. Mwingine analala penye tairi, anafungua kijiskrubu chenye tundu kilichoko kwenye lile taya, mafuta yanatoka na mapovu yake kupitia kimpira mpaka kwenye chupa. Anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Kanyaga, shikilia, achia. Ni kama kutwanga wawili kinu kimoja. Msiposikilizana, mtatwangana.

Na kusikilizana ndicho kitu ambacho mkwe hakupewa fungu lake. Alilala chini ya gari, akamweka binti yangu kwenye usukani, akaanza. "KANYAGA!" Mtaa mzima ulikanyaga. Kuna jirani alikuwa mgonjwa kitandani, amekata tamaa ya miguu yake. Aliposikia "Kanyaga!" alikanyaga, akasimama, na leo anauza mkaa. Ndiyo sababu watu wakampa jina hilo, Kanyaga, na limemganda kama rangi ya mlango.

Pedali ikabaki laini. Mtu mwingine angejiuliza. Kanyaga akatoka chini ya gari, akamtazama mke wake miguuni.

"Ni mguu wako," akasema. "Una mawazo. Mguu wenye mawazo haukanyagi sawasawa."

"Mawazo nimeyapata kwako, baba watoto," binti yangu akajibu, akashuka. Hakupanda tena.

Akamwita kinyozi, ambaye kibanda chake kiko mkabala na ua wetu. Kinyozi alikanyaga kidogo, akaambiwa mguu wake umezoea kusimama, haujui kazi. Akarudi kwa wateja wake anacheka. Kanyaga akamwita fundi cherehani, mtu ambaye kazi yake maishani ni kukanyaga! Naye akaambiwa, "Unakanyaga kama unapinda suruali." Yule alikasirika kweli, mpaka leo hatushonei.

Kila mguu uliposhindwa, na chuma nacho kikashitakiwa. Alibadilisha mafuta ya breki, akasema ya kwanza yalikuwa na uzembe. Akabadilisha mipira inayopeleka mafuta kwenye matairi, akasema inavimba. Akafungua breki za nyuma akazikaza. Akabadilisha mpaka pampu kuu ya breki iliyoko mbele. Kila kitu kilipelekwa mahakamani, kikaonekana hakina hatia, kikaachiwa. Pedali ikaendelea kuzama. Mtaani hakukubaki mguu hata mmoja uliokubali kuingia kwenye gari lile. Watu walipomwona anatoka na spana walianza kuchechemea.

Haya yote mimi niliyatazama dirishani kama sinema, na ningeendelea kuyatazama kwa raha zangu, kama mjukuu wangu asingejifungua.

Mjukuu wangu ndiye binti yao wa pekee. Ameolewa upande wa pili wa mji, akajifungua salama hospitali mtoto wa kike, kitukuu changu cha kwanza. Siku moja kabla ya kuruhusiwa alipiga simu. Binti yangu akaiweka sauti juu, tukaizunguka pale mezani.

"Baba, breki zimepona?"

"Zinaendelea vizuri," akasema Kanyaga.

"Baba, breki haziendelei vizuri. Zinashika au hazishiki."

"Zinashika. Zinachukua tu muda."

Tukasikia kitoto kinapiga chafya. Chafya ndogo kama ya panya, na moyo wangu ukaenda.

"Sikia, Baba," mjukuu wangu akasema. "Kesho asubuhi naruhusiwa. Mama mkwe anasema atamtuma shemeji na gari aje atuchukue, tukae kwao mpaka mtoto atambae. Mimi nataka kuja nyumbani. Nataka kulala kwa Mama, na Bibi amshike mtoto nipate usingizi. Lakini simpandishi mwanangu kwenye kitu kinachosimama kikijisikia. Ukija na gari linalosimama, nakuja kwenu. Usipokuja nalo, naenda na shemeji, na msinilaumu."

Mtu atauliza kwa nini asikodi teksi. Binti yangu aliuliza hivyo hivyo. Kanyaga akasema mjukuu wake hawezi kupokelewa na kiti cha mtu asiyemjua. Tena alikwishawatangazia wakwe wa binti yake, mbele ya watu, kwamba atakuja kwa gari lake. Kiburi nacho ni abiria, na kwenye gari lile kilikaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Pedali isipogumuka leo, kitukuu changu kitakwenda kutambaa kwenye sakafu za watu. Mimi miguu yangu si ya kupanda mabasi kuvuka mji. Ningekuwa naletewa habari zake kwa simu, "ameota jino," "amecheka," na mimi nacheka na ukuta.

Asubuhi ile ile, simu ilipokatwa tu, Kanyaga alitoka uani peke yake. Kwa kuwa hakukuwa na mguu wa kuupata, alibuni njia: atakanyaga pedali kwa mti, auegemeze kwenye kiti, ushikilie wenyewe, yeye alale chini afungue skrubu. Akajaribu ufagio, ukapinda. Akamtuma binti yangu kwangu aombe mkongojo wangu. Nikautoa, nikidhani anataka kumfukuza mbwa. Nilipochungulia nikauona mkongojo wangu umekaa kwenye gari kama mkubwa wa kazi, kichwa kwenye kiti, mguu kwenye pedali. Kanyaga akalala chini. Mkongojo ukateleza, ukaruka, ukagonga honi, honi ikakwama. Ililia mpaka watu wakatoka majumbani wakidhani kuna arusi. Kanyaga alipoinua kichwa kwa mshituko alikutana na tumbo la gari. Akatoka amejishika paji la uso, akaufokea mkongojo wangu. Naapa. Alisimama uani, mtu mzima mwenye mvi, akauambia, "Hata wewe! Hata wewe huwezi kukanyaga!"

Hapo nikafungua mlango wangu. Kwiiii.

Sauti ikazimika. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Fimbo yangu imekukosea nini?"

"Hapana, Mama, ilikuwa inanisaidia."

"Nimesikia inavyokusaidia." Nikauchukua mkongojo, umejaa mafuta, nikajipangusa mkono kwenye fulana yake ya kufutia gari. Nikafungua mlango wa gari.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kukanyaga."

"Mama, hapana, hiyo si kazi yako."

"Kwa nini? Asubuhi nzima mkongojo wangu umekanyaga. Mimi ndiye mwenye mkongojo. Mguu wangu una upungufu gani?"

Akanipisha, maana jibu lolote lilikuwa na mguu wangu ndani yake. Nikavua kandambili, nikajikunja, nikaingia. Kuingia tu kulitaka akili: niliweka kichwa kwanza, kikafuata kiuno, magoti yakaja nyuma yakilalamika. Nikakaa kwenye usukani nikautazama mtaa. Kinyozi alikuwa amekwishatoka na mkasi wake, na mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja, shuka bado shingoni. Binti yangu alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni.

Kanyaga akaenda kulala penye tairi la mbele. Nikasikia spana inagonga. Kisha nikasikia anavuta pumzi, ile pumzi yake kubwa.

"KA..." akaanza. Ikakatika. Akakohoa. "Mama," akasema kwa sauti ambayo ilibidi niinamie ili niisikie, "tafadhali naomba ukanyage."

"Yesu na Maria!" kinyozi akapaza sauti. "Kanyaga ameomba! Mashahidi mpo?"

"Tupo," akasema mteja mwenye nusu ya nywele.

Nikakanyaga. Mguu ukazama kama kwenye godoro lililolowa.

"Sasa ushikilie hapo hapo, Mama, kama si usumbufu."

"Si usumbufu, mkwe."

"Ahsante. Achia, Mama, ubarikiwe."

Tukaenda hivyo. Tafadhali, ahsante, ubarikiwe. Nilidhani nimekufa nimefika peponi. Binti yangu alinitazama kama mtu anayeonyeshwa nyumba nzuri aliyokuwa akiilipia kodi bila kuishi ndani. Tairi la kulia tukamaliza, tukaenda la kushoto, mafuta yakaingia kwenye chupa safi, bila povu. Kanyaga akainuka, akaja dirishani akijipangusa.

"Sasa jaribu, Mama. Imekuwaje?"

Nikakanyaga. Ikazama mpaka chini. "Kama jana, mkwe."

Nikamwona. Macho yake yalishuka yenyewe, kwa mazoea, mpaka kwenye mguu wangu. Kidole kikainuka. "Ni mgu..."

"Mguu?" nikasema. "Mguu umefanya nini?"

"Mguu... haujambo, Mama?"

"Haujambo, unakusikiliza. Lakini niambie kweli, mimi si mtoto. Una mawazo? Umezoea kusimama? Au nakanyaga kama napinda suruali?"

Kinyozi akajishika ukuta. Kanyaga akapindua macho kama mtu anayetafuta mahali pa kujificha ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Hapana, Mama! Mguu wako ni mguu mzuri kabisa. Sijaona mguu unaokanyaga hivyo."

"Umesikia, kinyozi?"

"Nimesikia, Bibi. Mguu umepita mtihani."

"Basi ni mafuta," akasema Kanyaga haraka.

"Mafuta umeyabadilisha, mzee," kinyozi akamwambia.

"Mipira, basi."

"Mipya," akasema binti yangu kutoka mlangoni. "Na pampu mpya. Na za nyuma umezikaza. Nilikuwa nakushikia taa."

Akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu yule alitazama kulia, akatazama kushoto, akakosa wa kumtupia. Kiti kilikuwa kimevunjika zamani, mawingu hayakuwepo, na mguu uliokuwa kwenye pedali ulikuwa wa mama mkwe. Ukimfungia mbuzi njia zote isipokuwa moja, ataipita hiyo hata kama inaelekea bwawani.

Akarudi akalala penye tairi. Safari hii hakushika spana. Alilala tu anatazama. Akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha nikasikia ananong'ona.

"Hewa inakaa juu," alikuwa akisema. "Hewa inakaa juu siku zote. Na wewe uko chini." Nikachungulia nione anaongea na nani. Alikuwa anaongea na kile kijiskrubu cha kutolea hewa. Akakigusa kwa kidole. Akatambaa akaenda upande wa pili, nacho huko akakikuta chini vile vile. Akarudi kwa cha kwanza, akakiuliza kwa uchungu kabisa, "Nani amekuweka chini, wewe?"

Skrubu haikumjibu. Mimi ningeweza, ila niliuma kanga yangu. Sisi sote uani pale tulikuwa tumeyaona yale mataya mawili yanaogeshwa pamoja kwenye beseni langu. La kulia lilivaliwa kushoto, la kushoto likavaliwa kulia, kama mtoto aliyeachwa avae viatu mwenyewe. Kila kitu kikakaa kichwa chini, na tundu lililotakiwa kuwa juu, hewa ipitie, likawa chini. Mafuta yalikuwa yakitoka, hewa imejikalia zake darini inayatazama. Unaweza kutoboa sakafu mpaka uchoke. Moshi wa jikoni hautokei huko.

Akachukua spana, akafungua taya la kulia, akalitoa. Akafungua la kushoto, akalitoa. Akayapishanisha mbele ya gari, moja kila mkono, anatazama chini, na sisi tukatazama pembeni kama watu wanaompisha mtu aliyetoka bafuni. Hata kinyozi akamrudisha mteja wake akamalizie upande wa pili.

"Mama," akasema alipokwisha kufunga, "tafadhali."

Nikakanyaga. Ile chupa ikachemka kama birika. Mapovu yakaja, mengine yakaja, mengine yakasukumana. Tukaenda na kuenda, tafadhali, ahsante, mpaka mguu wangu ukagonga kitu. Nilidhani nimekanyaga jiwe. Nikasukuma, haikwenda. Breki ilikuwa imegumuka kama moyo wa mwenye nyumba.

"Imekuwaje, Mama?"

"Bado inazama kidogo, mkwe," nikasema.

Haikuwa inazama hata kidogo. Nilitaka tu kusikia "tafadhali" nyingine. Nikazipata kadhaa, za kulia na za kushoto, mpaka binti yangu alipokuja dirishani akanitazama machoni, akaniambia polepole, "Mama, inatosha." Ndipo nikatangaza kwamba imepona.

Tukaenda kulijaribu kwenye kile kilima. Nilikataa kushuka. Nikahamishiwa kiti cha pembeni, mkongojo magotini. Gari likaanza kushuka, likashika kasi, Kanyaga akasema kitu kwa midomo bila sauti, sijui ni dua au ni tusi, akakanyaga. Gari likasimama. Mimi nikaendelea. Kilemba changu kiliruka kikatoka kupitia dirisha la mbele, ambalo lilikuwa limefungwa, kikaenda kumfunika mbuzi kichwani, na yule mbuzi hadi leo anajiona mwanamke mwenye adabu. Nikageuka kumtazama mkwe wangu. Alikuwa anautabasamia usukani. Sikumwonea huruma, lakini nilimwona.

Asubuhi iliyofuata tulifika hospitali, mimi na yeye na binti yangu nyuma. Shemeji wa upande wa pili alikuwa amekwishafika na gari lake kubwa linalong'aa, ameegemea mlango. Mjukuu wangu alitoka na kitoto kimefungwa vizuri. Akasalimia wote. Akaniwekea mtoto mikononi, akaja mpaka upande wa dereva.

"Baba, shuka kidogo."

Kanyaga akashuka. Mjukuu wangu akaingia taratibu, maana bado alikuwa na maumivu yake, akaweka mguu kwenye breki, akakanyaga. Akakanyaga tena, akaishikilia, akasubiri kama izame. Haikuzama. Akamtazama shemeji yake, akamwambia, "Ahsante kwa kuja, shemeji. Wasalimie nyumbani. Mimi naenda kwa Mama."

Yule akaondoka. Mimi nikakibana kitukuu changu nikakinusa kichwani, na hapo ningeweza kumsamehe mtu yeyote jambo lolote, laiti mtu angeomba.

Tulipokuwa njiani, mjukuu wangu akauliza kutoka nyuma, "Baba, kumbe lilikuwa nini?"

Nikaona shingo ya Kanyaga inakakamaa. Binti yangu akageukia dirisha. Nami nikatega sikio, maana hapo ndipo mtu hupimwa, si kilimani.

"Ah," akasema. "Fundi mmoja alikuwa amefunga vitu kinyume."

"Fundi gani, Baba? Si ulisema gari lako haliguswi na mtu?"

"Fundi mmoja tu," akasema, akabadilisha gia pasipohitaji gia. "Hamumjui."

Debe tupu haliachwi livume wakati mtoto amelala. Lakini neno nililiokota nikalifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa kitoto kimo humu ndani, kinalala chumbani kwangu mchana, na breki zinashika. Kanyaga hajabadilika, msijidanganye. Juzi alikuwa uani anamfokea binti yangu kwa sababu ya shati. Shati lilikuwa limepigwa pasi likaungua, na aliyelipiga pasi ni yeye mwenyewe, lakini kosa lilikuwa la pasi, na aliyeinunua pasi, na umeme. Nikafungua mlango wangu na mtoto begani.

"Mkwe," nikamwita kwa upole, "yule fundi hajambo?"

Sauti ikazimika katikati ya neno. Akalikunja lile shati, akalikunja tena.

"Hajambo, Mama," akasema. "Anakusalimia."

Nikamwambia salamu hizo sizipokei kwa mkono wa mtu. Aje aziseme mwenyewe, mlango wangu anaujua.